Jezi Zilizochemshwa Dutwa: Ugomvi wa Rangi Ulivyotaka Kutumalizia Timu

Wakuu, mwadila.

Nimetoka kusoma ule uzi wenu wa jezi mpya. Kurasa kibao, watu wazima na familia zenu, mnatukanana kisa mstari wa kwapani umekuwa mwembamba. Nimecheka mpaka mama watoto akaja kuchungulia kama nipo sawa.

Na mimi nina ya kwangu. Mengine niliyaona, mengine niliyasababisha mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri kuliko hii niliyonayo.

Vuteni viti.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Dutwa. Kwa wasiopajua, ni senta iliyopo barabara ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi. Pamba, mahindi, baiskeli, na basi likisimama kila mtu anageuka kuangalia nani kashuka.

Simiyu haikuwa mkoa bado. Sisi tulihesabiwa Shinyanga, na wenzetu wa Nassa kule karibu na ziwa walikuwa wilaya ya Magu, Mwanza.

Mimi nilikuwa katibu wa timu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, darasa la saba safi, na mwandiko wa kuvutia. Kwetu mwandiko mzuri ulikuwa cheo.

Zamani tulikuwa na timu moja, kwa sababu kulikuwa na ghala moja la pamba. Halafu soko huria likaingia. Wakaja wanunuzi wawili binafsi, mmoja akaweka mzani juu kule ghalani, mwingine akaweka chini karibu na mnada wa ng'ombe. Kila mmoja anataka wakulima waje kwake.

Wa juu akawapa vijana jezi za kijani. Wa chini kusikia hivyo, akaleta nyekundu.

Basi. Timu ikawa mbili, katibu nikabaki mimi mmoja.

Ingeishia hapo isingekuwa shida. Shida ni kwamba sisi ni Wasukuma, na Msukuma wa enzi hizo alikuwa ama Mgalu ama Mgika. Hivi ni vyama viwili vya ngoma, vya tangu mababu. Mashindano yao hayana refa. Vikundi viwili vinapiga ngoma uwanja mmoja, saa ileile, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Ukibaki unacheza peke yako na wake zako, umeshindwa, na huhitaji kuambiwa na mtu.

Sasa Wagalu wakaegemea kijani, Wagika wakaegemea nyekundu. Na ule utaratibu wao wa kuvuta watu wakauleta kwenye mpira.

Mnaelewa maana yake? Mechi inachezwa, lakini hakuna anayeiangalia. Goli la huku kuna ngoma, goli la kule kuna ngoma, na wachezaji wenyewe wanageuza shingo kuona upande wao una watu wangapi. Mwaka mmoja Wagalu walileta chatu hai, wakacheza naye nyuma ya goli. Kipa akasikia makofi, akageuka, akakutana na chatu uso kwa uso. Mpaka leo sijaona binadamu anakimbia vile. Mechi ikavunjika.

Kamati ya ligi ya wilaya ikachoka na sisi. Ikaja barua: Dutwa ilete timu moja, jina moja, rangi moja, uwanja mmoja. Mjumbe atakuja kuangalia mechi moja ya majaribio. Akikuta mashabiki bado wamegawanyika, Dutwa inafutwa kwenye ligi.

Ile barua niliisoma mara tatu. Wakuu, kwangu timu ilikuwa kila kitu. Sikuwa na ng'ombe, sikuwa na mke, shamba lilikuwa la baba. Nilikuwa na kile kitabu cha kumbukumbu za vikao na neno "Katibu" juu yake. Nililala vibaya wiki nzima.

Tukaitisha kikao. Upande wa Wagalu aliongoza Mzee Sayi, mkulima wa pamba, mpiga ngoma anayejulikana mpaka Maswa. Upande wa Wagika aliongoza Mama Nkwimba, mchuuzi wa samaki. Alikuwa anafuata sato na dagaa Nassa, na ulimi wake ulikuwa na miba kuliko samaki zake.

Tukaanza na rangi.

Mzee Sayi akasimama. "Nyekundu inafukuza mvua. Huu ni mwezi wa kupanda. Mtu na akili zake anavaa nyekundu mwezi huu?"

Mama Nkwimba hata hakunyanyuka. "Bhabha, mwaka jana si tulivaa nyekundu? Na mvua si ilikuangushia choo?"

Kikao kikalipuka kwa kicheko, na mzee akakaa.

Nembo nayo ikawa vita. Wagalu wanataka chatu, Wagika wanataka nungunungu. Uwanja, hawa wanataka wa ghalani, wale wanataka wa mnadani. Wa ghalani una changarawe, wa mnadani una mavi ya ng'ombe, kwa hiyo ni kuchagua tu unataka kuchunika au kuteleza.

Halafu Mama Nkwimba akatoa mpya kabisa. Akasema kwa nini tucheze Bariadi? Twende tukacheze ligi ya Magu, watu wa Nassa yeye anajuana nao, na wana maneno machache.

"Tuhame mkoa kwa sababu ya dagaa wako?" Mzee Sayi akauliza.

"Wewe si unataka tuhame rangi kwa sababu ya choo chako?"

Siku mbili za kikao, wakuu. Siku mbili.

Siku ya tatu nikapata wazo. Nikasimama nikasema, ndugu zangu, sisi si Wagalu wala Wagika peke yake, sisi ni watu wa pamba. Tuvae pamba. Jezi nyeupe, ya amerikani, kile kitambaa kigumu cha pamba, ishonwe hapahapa. Bega la kulia utepe wa kijani, bega la kushoto utepe mwekundu. Nembo iwe tumba la pamba lililopasuka. Mechi za nyumbani tupokezane viwanja.

Watu wakawageukia wazee wao wawili.

Kisha Mzee Sayi akanishukuru, "Wabeja, katibu." Mama Nkwimba akatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kulia kwa furaha, sitawaficha.

Kijana mmoja aliyetoka kutembea mjini akasema mitumbani kuna jezi za nailoni, nyepesi, tuchukue hizo. Wakamzomea. Mkulima wa pamba avae nailoni? Hata mimi nilimzomea. Leo ningemwomba radhi.

Kazi tukampa fundi Limbu, mwenye cherehani pale senta. Alipoona jora la amerikani akaliminya kwa vidole, akaniambia, "Katibu, kitu hiki kinanywea. Tuloweke kwanza, kikauke, ndiyo nikate."

Nikamwambia muda hatuna, mjumbe anakuja Jumamosi. Kata.

Ukweli ni kwamba nilimdharau. Nilizaliwa shambani, nimepalilia pamba, nimechuma pamba, nimelalia marobota yake. Fundi wa kukanyaga cherehani atanifundisha nini kuhusu pamba? Sikuwaza kwamba sisi pamba yetu tunaiuza ikiwa mbichi, ikirudi ikiwa nguo ni mgeni kabisa.

Alhamisi jezi zikawa tayari. Nzuri! Ila zilikuwa na ule weupe wa kama vumbi, na zinanuka wanga. Mimi nikataka zing'ae mbele ya mjumbe. Ijumaa asubuhi nikaazima sufuria la harusi, nikawasha kuni, nikazichemsha zote na sabuni ya mche.

Nilipofunua sufuria nikadhani nimekosea nikapika maharage.

Utepe wa kijani na utepe mwekundu vyote vilikuwa vimeachia rangi. Jezi zote zimekuwa kahawia fulani ya kijivu, kama ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa. Nikazianika kwenye mabati ya ghala nikiomba Mungu jua lizirudishe. Jua likafanya kazi nyingine. Nilipozifuata mchana nikajaribu moja, ikaishia juu ya kitovu. Ile nembo ya tumba la pamba imejikunja kama punje ya kitunguu swaumu.

Nikakaa chini palepale nyuma ya ghala. Niliona kabisa nimeiua timu kwa mikono yangu.

Jezi za zamani hazikuwezekana. Nikitoa kijani, Wagika wanaondoka. Nikitoa nyekundu, Wagalu wanaondoka. Kwa hiyo Jumamosi nikawaambia wachezaji wavute, wachomekee ndani ya bukta, wafunge kamba, na wasinyooshe mikono juu kwa namna yoyote ile.

"Hata mpira wa kurusha?" akauliza Masanja, mshambuliaji wetu, mrefu kama nguzo ya simu.

"Hata huo. Wape wafupi."

Wapinzani wa mechi ya majaribio walitoka Nassa, Mama Nkwimba aliwaita. Mjumbe kutoka Bariadi akafika na pikipiki, akapewa kiti, akatoa kalamu na karatasi. Mzee Sayi na Mama Nkwimba wote wawili walikuwa wameapa kutoleta ngoma.

Wote wawili walileta ngoma. Eti za kushangilia tu.

Dakika kumi hazijaisha, mzee akaanza kule goli la juu, majembe yanarushwa hewani yanadakwa. Mama Nkwimba akajibu goli la chini, njuga zinalia. Watu wakagawanyika katikati kama nywele. Pembeni ya uwanja tukabaki mimi, fundi Limbu na mjumbe. Wachezaji wetu macho yanakwenda juu na chini, Nassa wanatupita tu. Mapumziko tuko nyuma mbili bila.

Mjumbe akaniangalia. "Katibu, hii ni timu moja?"

Akafungua kalamu.

Kipindi cha pili, sijui dakika ya ngapi, ikapigwa kona. Masanja akasahau maagizo. Akaruka na mikono yote miwili juu.

Kamba ikakatika. Jezi ikachomoka kwenye bukta, ikapanda tumboni, ikapanda kifuani, ikamfunika uso na kumbana mikono huko huko juu. Akawa hewani kama kiroba kilichofungwa mdomo. Mpira ukamgonga kichwani na kuingia golini, yeye haoni chochote, anauliza kwa sauti, "Imeingia? Imeingia?"

Mtu mmoja kule kwenye ngoma akacheka. Kisha kumi. Kisha watu wakaanza kukimbia kuja pembeni ya uwanja waone vizuri.

Wachezaji wengine kwa furaha wakanyoosha mikono kushangilia. Jezi zote zikapanda. Timu nzima vitovu nje.

Wakuu, sijapata kuona watu wa Dutwa wanacheka vile. Wanashikana mabega bila kuangalia huyu Mgalu au Mgika. Ila baada ya kucheka hawakurudi kwenye ngoma. Walibaki. Wakaanza kuangalia mpira! Kila jezi ikipanda wanapiga kelele, kila tukikaribia goli wanapiga kelele zaidi, na vijana wetu, ambao hawajawahi kuangaliwa maisha yao yote, wakaanza kukimbia kama wamepewa mapafu mapya.

Njuga kule chini zikanyamaza. Mama Nkwimba alikuwa amekuja mwenyewe, filimbi mkononi, anamfokea beki.

Ngoma ya Mzee Sayi ikaendelea kidogo. Kisha nayo ikapungua. Nikageuka, nikamwona amesimama na warusha majembe wake wawili, mbele yao uwanja mtupu. Akatazama kulia na kushoto. Akaivaa ngoma begani, akaja taratibu mpaka aliposimama Mama Nkwimba.

"Mayu," akamwita kwa heshima ya mama, "tumeshindwa."

"Tumeshindwa na nani, bhabha?"

"Na vitovu."

Mama Nkwimba akacheka mpaka akamshika mzee mkono asianguke, kisha akasogea pembeni mzee apate pa kusimama. Mzee akaitua ngoma palepale kwenye mstari, akaanza kuipiga akiitazamisha uwanjani. Kwa sheria yao, aliyevuta watu ndiye mshindi, na yeye hakuwa mtu wa kukataa matokeo.

Tulifungwa mbili moja. Nassa walikuwa wazuri tu kutuzidi.

Mjumbe akaniita. Akauliza jina la timu, nikasema Dutwa. Akauliza rangi. Nikawageukia wale wawili. Mama Nkwimba na Mzee Sayi wakatazamana, na mzee akasema, "Andika ya udaga." Mjumbe akaandika kahawia, akapiga sahihi.

Tukasajiliwa. Msimu ule tulivaa mashati ya kahawia ya mitumba, nailoni tupu, na nafasi tuliyoshika naomba ibaki siri ya familia. Lakini timu ilikuwepo, na watu walikuja kuiangalia.

Sasa funzo langu, mtalipima wenyewe.

Miaka mingi nilidhani nimejifunza kuloweka amerikani tu. Kisha nikaja kukaa na Mzee Sayi barazani kwake, ameshazeeka. Nikamuuliza, bhabha, ile kijani uliipendea nini hasa?

Akasema, "Kijani? Nduhu, hamna kitu. Mimi niliogopa siku nitakayopiga ngoma na asije mtu. Siku ile ikafika, kila mtu akaniona. Halafu Nkwimba akanisogezea nafasi nisimame."

Ndiyo maana nikisoma matusi yenu ya nembo na rangi siwashangai tena. Najiuliza tu kila mmoja wenu anaogopa nini.

Uwanja ni wenu wakuu. Mlioshabikia timu za senta zenu enzi hizo, mlivaa rangi gani, na nani aliwasogezea nafasi?