Tabibu wa Mapigo

Tabibu wa dawa za Kichina mtaani kwetu hukata kucha kila asubuhi, maana kazi yake ni kushika watu mikono. Huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono kusikiliza mapigo, hufumba macho, na ukimsemesha hajibu. Nilimpeleka shangazi yangu kwake, moyo ukimwenda mbio hata akiwa ameketi.

"Kwa elimu yetu, damu ikipungua roho hukosa pa kutulia, ndipo moyo unadunda," alieleza, kama anayesoma ratiba. "Ulianza lini, mama?"

"Mume wangu alipohama."

Tabibu akamshika tena mkono, kwa muda mrefu. Kisha akafunga droo za dawa, akavaa viatu.

"Mapigo yanaruka, mengine hayaji. Twende hospitali wakupime kwanza."

"Kwa hiyo chanzo ni huyo mume?" shangazi akauliza.

"Huyo sijampima," akasema, akamfungulia mlango.