Mteremko wa Mwese bila Nyumba

Niliondoka kwangu Kakese kwenda Mwese kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe. Nyumba ya mama kule Mwese ilianguka wakati wa masika. Jirani yake alinipigia simu, nami nikamficha mama. Mama yuko kwangu tangu mguu ulipoanza kumsumbua, na kila wiki alikuwa akiuliza nitamrudisha lini. Nilikuwa namjibu barabara ni mbovu. Mwisho akachoka. “Si unachora mabango? Nenda ukanichoree nyumba yangu, niwe naiangalia.”

Mabango nayaweza. Ya vinyozi na vibanda vya chipsi vya Mpanda mjini, mengi nimeyachora mimi. Mandhari ndiyo sikuwahi. Mwese yupo mwalimu mstaafu, Mwalimu Yustina, anayechora kwa rangi za mafuta kwa ule mtindo uitwao impreshenizimu, mabaka ya rangi tu bila mistari. Nikampigia. Akasema njoo, uje na unga wako.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki. Kwenye makorongo dereva alinishusha mara mbili nitembee. Tulifika saa sita, vumbi mpaka masikioni.

Alasiri hiyo Mwalimu alinipa kanvasi na brashi pana. Nikafanya ninavyofanya siku zote: mistari kwa rula, rangi ndani, kivuli cheusi upande wa kulia, na chini nikaandika MWESE kwa herufi kubwa. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

“Na namba ya simu mbona hujaweka?”

Akakwangua yote kwa kisu. “Hicho kivuli cheusi umekiona wapi? Fumba macho nusu, uangalie.”

Nikaangalia. Kivuli chini ya miti kilikuwa zambarau. Miaka ishirini niko kwenye rangi na sikuwahi kuliona hilo. Iliniuma kidogo.

Siku ya pili, kabla ya saa mbili, tulikaa mkabala na kiwanja cha mama. Mwalimu alinihimiza niende haraka, maana mwanga unahama na ukichelewa unachora siku nyingine. Nilidonoa kijani, njano, zambarau, na mteremko ukaanza kuonekana. Nilifurahi, sitaficha. Kisha nikaweka nyumba: bati, mlango wa bluu.

“Hiyo iko wapi?” Mwalimu akauliza.

“Ya mama. Naikumbuka.”

“Ilianguka, wote tunajua. Yeye anajua?”

“Hajui.”

“Mimi nafundisha kuchora kinachoonekana. Hiyo kaichoree kwako.” Akaenda kuinjika chai.

Nilimkasirikia. Nilikaa pale na kisu mkononi, na mwanga ukiendelea kuondoka. Kisha nikaikwangua nyumba. Mahali pake nikaweka kifusi chekundu, na majani yaliyokwisha kuota pembeni. Yalikuwa mabaka matano tu.

Siku ya tatu nilirudi na picha mbichi. Rangi ya mabango hukauka kesho yake; hii, Mwalimu alisema, itachukua wiki kadhaa. Niliibeba mgongoni imefungwa kwenye vijiti, isiguse kitu, na dereva akalalamika kwamba inakamata upepo.

Saa tisa nilikuwa Kakese. Mama aliishika mbali, akaileta karibu, akairudisha mbali.

“Imeanguka lini?”

“Masika.”

“Na ulijua.”

“Nilijua, mama. Nisamehe.”

Aliiegemeza ukutani, akatoka. Niliogopa kumfuata. Kuchora nilikuwa nimejifunza kiasi. Lakini kumwambia mtu kitu na kukaa naye hapo hapo, hilo bado lilinishinda.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi chini, mguu mbaya ameunyoosha, anapiga tuta kwa jembe langu. Tangu aje kwangu alikuwa hajagusa udongo wa Kakese hata mara moja, akisema shamba lake liko Mwese.

“Lete mbegu za maharage,” akasema. “Na uje ukae hapa.”