Geuza Jani Kabla ya Kumtaja Jirani

Siku niliyorudisha sahani ya futari kwa jirani, na chakula chake ndani, naikumbuka mwanangu kuliko siku ya harusi yangu. Leo umeniletea picha ya jani kwenye simu, unaniuliza mmea wako una ugonjwa gani, na papo hapo umeshanitajia mgeni aliyekuja Ijumaa akausifu. Kaa kidogo. Njia hiyo nimeipita, nayajua mashimo yake.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne. Mama yangu alikuwa amefariki miezi michache kabla, na kitu pekee nilichochukua kwake ni mwasumini wake, uliopandwa kwenye kopo la samli. Niliuweka ukumbini, karibu na dirisha. Jioni ukifungua maua, nyumba nzima ilinukia mama. Nikiyachuma machache, nikayafunga na mrehani, nikatengeneza kikuba cha kuvaa kama alivyonifunza. Usidhani nilikuwa nikilea mti. Nilikuwa nikimlea mama.

Mlango wa pili alikaa Bi Zuwena, mtu wa Tumbatu, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Siku moja aliingia, akasimama mbele ya mwasumini.

"Ama huu umekubali! Majani yamejaa hivi! Wangu mie haushiki."

Mashaallah hakusema. Wiki mbili baadaye majani yakafanya vidoa vidogo vya manjano, kama yaliyochomwachomwa kwa ncha ya sindano. Yakapauka, yakajikunja, yakaanguka. Basi mimi nikawa tabibu na kadhi kwa pamoja: ni jicho.

Niliyoyafanya baada ya hapo yanachekesha, ila mimi huwa simalizi kuyacheka. Nikafunga dirisha ili mtu asiuone tena mti wangu. Nikaufukiza ubani asubuhi na jioni, mpaka mume wangu akauliza kama mti una pumu. Maji nayo nikayapunguza, eti nisimchoshe mgonjwa. Mwasumini ukazidi kukonda. Ramadhani ikaingia, Bi Zuwena akaniletea sahani ya tambi na kaimati, kama ilivyo desturi ya majirani. Nikamrudishia hapo hapo mlangoni, imefunikwa kawa vile vile.

"Sisi tunatosheka," nikamwambia.

Akanitazama. "Haya, mdogo wangu," akasema, akaingia kwake. Bora angenitukana.

Idi pili akaja shangazi yangu, Bi Mgeni, aliyekuwa na shamba la viungo Kidichi. Hata chai hajamaliza, macho yake yako dirishani.

"Umefanywaje mti wa wifi yangu?"

"Una jicho, shangazi. La Bi Zuwena, wa mlango wa pili. Nshaufukiza, hausikii. Hata futari yake nimemrudishia."

"Umeligeuza jani?"

Sikuwa nimeligeuza hata moja. Akaniagiza karatasi nyeupe, akaiweka chini ya tawi, akaligonga mara mbili. Likaanguka vumbi. Akaniambia nitulie, nitazame. Vumbi likaanza kutembea.

"Jicho gani hili lenye miguu?" akasema. "Hawa utitiri. Tazama utando wao huu chini ya jani. Wanapenda pakavu, penye joto na vumbi. Wewe umewafungia dirisha, umeunyima mti maji, na ubani ukawafukizia. Ulikuwa unawafanyia karamu."

Kisha akaugeukia mwaridi mdogo nilioununua mwenyewe sokoni kabla ya yote hayo, nikauweka ubavuni mwa mwasumini ili ukumbi upendeze. Akageuza jani lake. Utando ule ule, mzito zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na mimi nilikipandisha ngazi kwa mikono yangu.

Tukaitenga miti ile. Shangazi akakata matawi yaliyokufa, tukaosha majani kwa maji na povu jepesi la sabuni, chini ya jani kuliko juu, na akaniamuru nirudie kila baada ya siku tatu, maana mayai huanguliwa nyuma yako. Nikadhani tumemaliza.

"Mti tushauosha," akasema, akijifuta mikono. "Na jirani yako utamwosha na nini?"

Ilinichukua siku kumi kupiga hodi. Nilipofunguliwa sikujua nianze wapi, nikalia, kisha nikamweleza yote. Bi Zuwena akanikalisha.

"Mie nilidhani upishi wangu ndio mbaya," akasema. "Ramadhani nzima nikawa naonja mchuzi wangu mara mbili mbili."

Neno hilo lilinichoma, na linanichoma hadi leo. Nilikuwa nimemfanya mtu mwema autilie shaka mkono wake mwenyewe. Akainuka, akanipa tambi kwenye sahani ile ile.

Kwetu sahani hairudi tupu, nawe unajua. Nikakaa nayo miezi, mpaka mwasumini ulipotoa tena maua saba. Sikujifanyia kikuba. Niliyaweka yote saba kwenye sahani, nikagonga mlango wa pili. Bi Zuwena hakunikaribisha kwanza, alianza na "Mashaallah!" kwa sauti ya kusikika ghorofa zote, tukacheka mpaka tukakaa kwenye ngazi.

Kwa hiyo, mwanangu, ligeuze jani lako kwanza. Ukiona vidoa na utando, ni utitiri. Likinata, tafuta vidukari. Ncha zikiungua, onja maji ya bomba, huenda yana chumvi. Na majani ya chini yakiwa manjano huku udongo umelowa, basi ugonjwa ni mkono wako, punguza kumwagilia. Mti mgeni ukae peke yake wiki mbili kabla ya kuukaribisha kwa wenzake. Sikwambii jicho halipo, hayo anayajua Mola. Nakwambia usimtaje mtu kabla hujatazama lililo mbele yako, kwa sababu jani likianguka huota jingine, na jirani si jani.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye kunukia, akupe jirani wa kukuletea sahani, na akujaalie siku zote uwe na cha kumrudishia ndani yake. Amin.