Sisimizi wa Wifi Dorkas

Wifi yangu Dorkas alikuwa mtu wa kawaida tu pale Vudee: miche michache ya kahawa, mbuzi wawili, na sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Kilutheri. Ila alijua majani. Hilo lilinikera kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka themanini na nne sukari ilikuwa haipo dukani, ikaonekana mwilini mwa mume wangu Elirehema. Dawa za hospitali zilikuwa za kubahatisha. Dorkas akapanda msituni, akarudi na kikapu, akachemsha. Kila asubuhi kaka yake alikojoa kwenye jiwe bapa nyuma ya migomba, na baadaye Dorkas alikuja kuchuchumaa pale akitazama sisimizi. Wakijaa, sukari bado ipo. Wakipungua, majani yanafanya kazi.

Mwezi haujaisha, hakuna hata sisimizi mmoja. Kijiji kizima kikamsifu Dorkas. Mimi niliyempikia mgonjwa na kumfulia, nani alinitaja? Nikimpelekea kikombe, mume wangu anauliza, "Dorkas amekiona?" Nilimwonea wivu, sioni haya kusema.

Basi nikakamua muwa. Elirehema alipotoka kwenye jiwe, nikaenda kumwaga ile juisi kabla wifi hajafika. Sisimizi wakaja kama walioalikwa harusini. Nikafanya hivyo siku tatu. Nilitaka majani yaonekane si kitu, Dorkas arudi kwake na mbuzi wake, mume awe wangu tena.

Hakurudi kwake. Alipoona sisimizi, alizidisha majani maradufu, na siku iliyofuata akazidisha tena. Siku ya nne Elirehema alitetemeka, akalowa jasho, akaanguka mlangoni. Majirani walimbeba kwa machela hadi hospitali.

"Sukari imeshuka mno," daktari alisema. "Nani amemzidishia dawa?"

"Ni mimi, daktari," Dorkas akajibu. "Sisimizi walirudi."

Daktari alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mimi nilitazama sakafu.

Jioni Elirehema alifumbua macho. Alimwona dada yake, akageuza uso, akanishika mkono.

"Mama Anderson," akasema, "kuanzia leo sinywi kitu ila cha mkono wako."

Dorkas alijifunika uso kwa kanga, akatoka.

"Sawa, Baba Anderson," nikamjibu.