Boti Isiyopandwa na Mtu

Kuna asubuhi moja ya huko Kibara, kando ya ziwa, ambayo kila nikiikumbuka naona aibu peke yangu, hata nikiwa jikoni nachambua mchele. Leo nakusimulia, mwanangu, kwa sababu umepewa kuongoza maabara yako ya kwanza ya roboti, na wasichana wa sekondari za Bunda wataanza kuja kwako kujifunza. Kosa lenyewe hufanywa na mtu mwenye nia njema kabisa, ndiyo maana naogopa usije ukalirudia.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nimetoka masomoni, nimekabidhiwa utafiti wangu mwenyewe, na nisikufiche, nilikuwa najiona kidogo. Tulikuwa tumeunda boti ndogo isiyozidi kitanda cha mtoto, inayojiendesha yenyewe ziwani na kupima kina cha maji ili wavuvi wajue miamba iko wapi. Ndani yake hamkai mtu. Nilipokwenda kuijaribu Kibara niliomba shule ya pale inipe wanafunzi wa kunisaidia, wakanipa wasichana watano. Mmoja wao, Nyanjura, alikuwa kidato cha nne, mwembamba, mwenye maswali yasiyoisha. Tulifanya kazi darasani wiki tatu. Ile programu ya kuifanya boti ikwepe vitu na irudi ufukweni yenyewe, Nyanjura ndiye aliyeiandika.

Sasa, huyu binti alitaka kusoma sayansi kidato cha tano. Baba yake, Mzee Magesa, alikuwa mvuvi, naye alisema hizo fizikia ni kazi za wanaume, binti atafute cherehani ajifunze kushona. Alikubali jambo moja tu: siku ya majaribio atakuja mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, aone kwa macho yake, ndipo aamue. Nilijua kabisa kwamba masomo ya yule mtoto yanategemea asubuhi hiyo.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Mimi ni mtoto wa Bugwema. Nimekua nikisikia kwamba mwanamke hapandi mtumbwi wa uvuvi, na akiugusa, samaki wanakimbia. Basi nikajipangia kabla mtu yeyote hajasema neno. Nikamwambia fundi wetu Masatu, mwanaume mtu mzima niliyekuja naye kutoka Musoma, kwamba yeye ndiye atakayeibeba boti hadi majini, yeye ndiye atakayeiwasha, na sisi wanawake tutasimama nyuma karibu na vichanja vya kuanikia dagaa. Niliona nimewaheshimu wenyeji. Nilijipongeza, mwanangu! Nyanjura alinitazama, akasema, "Sawa, madam," akarudi nyuma na wenzake.

Boti ilienda vizuri ajabu. Ilizunguka, ikakwepa mitumbwi, ikarudi yenyewe. Watu walipiga makofi, wakampa Masatu mikono, wakamwita injinia. Masatu wa watu alijaribu kueleza, lakini nani wa kumsikiliza? Mzee Magesa naye akampongeza, kisha akamgeukia binti yake.

"Si umeona mwenyewe? Hii kazi ina wenyewe."

Akaenda zake kutengeneza nyavu. Nyanjura hakulia. Aliinama akaanza kukusanya waya zetu, anazikunja moja moja, na mimi nikashindwa hata kumwita jina.

Aliyenivuta pembeni ni bibi yake, mama mzazi wa Mzee Magesa, aliyekuwa anageuza dagaa vichanjani. Hakuinua sauti.

"Mwanangu, nani kakukataza kugusa kile kitu?"

"Mama, si mwiko wa huku? Wanawake hawapandi mitumbwi."

"Hatupandagi, ndiyo. Mitumbwi ya kuvua. Hicho chako kinavuaga samaki?"

"Hapana, mama."

"Na mwenyekiti wa mwalo alikuambia nini?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Basi umetuletea boti haipandwi na mtu, na bado umeitafutia mwanaume!" Akacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kama angenitukana. "Mjukuu wangu kashinda na hiyo kitu wiki tatu. Nenda kamrudishe baba yake. Wewe ndiye umemfukuza."

Nikaenda. Mtafiti mzima, viatu mkononi, nakimbia mchangani mbele ya watu wazima na kuku wao. Nilimkuta Mzee Magesa amekaa, wavu uko magotini. Nikamwambia kwamba nimemdanganya, na sikuhitaji maneno kumdanganya. Kule kuwapanga watu kulitosha. Masatu ni fundi hodari wa kuchomelea, lakini programu ile haijui hata kidogo. Aliyeiandika ni binti yake.

Akauweka wavu chini. "Madam, kwa nini hukusema palepale?"

Nikasema, "Niliogopa." Nadhani neno hilo ndilo lililomwinua.

Tulipitia kwanza kwa mwenyekiti wa mwalo kuomba ruhusa. Mwenyekiti alishangaa. Aliniuliza tangu lini mtoto anaombewa ruhusa ya kuweka kitu chake mwenyewe majini.

Nyanjura akaingia ziwani hadi magotini, sketi ya shule ameikusanya kwa mkono mmoja, boti ameikumbatia kwa mwingine. Baba yake akamwonyesha mahali ambapo nyavu zake zilikuwa zinachanika kila mara. Binti akaituma boti huko, ikaenda na kurudi, kisha akasoma kwenye kompyuta. "Baba, pana mwamba. Unaanzia hapa, unaishia usawa wa ule mtumbwi mwekundu." Mzee akauliza swali, akaongeza la pili, la tatu. Yalikuwa maswali ya mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Hakunitazama mimi wala Masatu. Mwishowe akamwambia binti yake, "Hiyo shule ya fizikia iko wapi?"

Mwanangu, makatazo ya kweli yapo, na utakutana nayo, na mengine yatakuumiza. Lakini mengine hakuna aliyeyasema. Tunajikataza wenyewe halafu tunaita adabu. Kwa hiyo uliza kwanza. Nenda kwa mwenye mahali, msalimie vizuri, muulize anakataza nini, usimjibie wewe. Msichana akiandika programu, aiwashe yeye, mbele za watu, mbele ya baba yake. Usimweke nyuma kwa kumlinda. Na ukikosea, maana utakosea, karekebishe siku hiyohiyo. Mimi nilibahatika tu kwamba yule mzee hakuwa amefika mbali.

Siku hizi Nyanjura ndiye anayeongoza utafiti wetu, na mimi ndiye ninayemwomba ruhusa ya kwenda likizo. Nampenda kama niliyemzaa. Basi Mwenyezi Mungu akushike mkono katika kazi hii, awajalie wasichana wako wakupite, na siku watakapokupita, akupe moyo wa kufurahi.