Mamumunye ya Uani kwa Bibi

Siku ya kwanza kazini, msimamizi wa kitalu cha miche pale Kerege alinipa ndoo ya samadi kabla hajaniuliza jina. "Mbegu ya mumunye usiizike kama maiti," akasema. "Pingili moja ya kidole, funika, mwagilia, ondoka." Nikamwuliza niende wapi. "Kwenye shimo la pili, mwanangu!"

Yeye ndiye aliyenifundisha ua dume na ua jike. Jike lina kijitunda nyuma yake. Dume lina kikonyo kitupu. Nyuki wasipopeleka chavua, ule unga wa njano, kutoka dume hadi jike, kijitunda huoza kingali kama kidole gumba.

Kitalu kilipohamia Msata sikukifuata, maana Bibi alikuwa peke yake Dunda. Ndiyo kusema nimestaafu ajira sina hata mvi moja. Nikapanda mamumunye uani kwake. Yakatambaa, yakachanua, kisha vijitunda vikaoza vyote. Wadogo zangu mnaotaka kulima nyumbani, hapo ndipo moyo unapokatika.

"Kuna mtu kayanyooshea kidole," Bibi akasema. Kwetu mumunye changa halionyeshwi kwa kidole, litaoza. Huonyeshwa kwa ngumi. Mjomba, aliyekuja akitaka uani pamwagwe zege aegeshe bajaji zake, akacheka: "Mama, mboga hii haina riziki."

Bibi alikuwa amechoka. "Yakioza na haya yajayo, mwaga zege lako."

Asubuhi iliyofuata, maua yakiwa wazi, nikachuma madume, nikayavua petali, nikayapaka majike chavua, moja moja. Halafu, mbele yao wote wawili, nikanyoosha kidole. "Hili! Na hili! Na lile pale!"

"Astaghfirullah! Mume wangu umeniua!" Bibi akapiga kelele. Ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake.

Yakanenepa. Tukayachuma machanga, ngozi bado laini, Bibi akayapika kwa nazi. Mjomba akala sahani mbili, bajaji zake zikalala nje.

"Umekiona kidole changu, Bibi?"

"Nyamaza, kidole chako nini! Mimi nimeyasomea dua kila nikiswali, kwa sababu ya hicho kidole."

Zege halikumwagwa, wala halimwagwi nikiwa hai. Wanaonicheka kwamba nimeacha mshahara nikafuata mboga, waje asubuhi maua yakiwa wazi. Ua dume nitawapa mkononi. Vidole wanyooshe watakavyo. Dua anasoma Bibi.