Barafu ya Ubuyu na Mabara

Sogea karibu, nikusimulie siku niliyoelewa bara linavyotengenezwa, nikiwa tayari nimesimama mbele ya darasa kulifundisha.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya ualimu hapa Ifakara. Mhadhiri aliyekuja kunikagua aliketi dawati la nyuma. Nikifeli mbele yake, narudia mwaka. Nilipanga kuweka barafu za ubuyu kwenye beseni la maji zielee, kama mabara yanavyoelea juu ya mwamba mzito. Nilizinunua mtaa wa Mlabani, nikapanda bajaji juani. Nilipofungua mfuko, nusu ilikuwa imeyeyuka.

"Madam, umetuletea supu?"

Darasa zima likacheka. Mhadhiri akaandika kitu.

Kwa kukosa la kufanya, nilimmiminia msichana wa mbele yale yaliyoyeyuka, aonje.

"Hee! Tamu mpaka inakwaruza koo."

"Na barafu iliyobaki?"

Akailamba. "Maji matupu. Madam, umepigwa."

Niliruka. Kweli kabisa, niliruka na viatu vyangu vya kukaguliwa. "Ndiyo hiyo!"

Nikawaeleza. Huko baharini, kipande cha sakafu ya bahari huzama chini ya kingine, kikishuka na maji. Maji hayo huufanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke kirahisi, ila hauyeyuki wote, na kinachotangulia kuyeyuka, kama ule utamu wa ubuyu, hakifanani na kinachobaki. Uji huo wa moto hupanda na kujenga safu ya visiwa vya volkano. Humo ndani hupoa polepole, madini mazito yakituama. Mwamba mwingine huyeyushwa tena, na kinachopanda huzidi kuwa chepesi, hadi tunapata graniti, mwamba wa mabara.

"Sasa kisiwa kinakuwaje bara?"

"Vinasukumwa, vinagongana, vinashikamana. Vyepesi mno, havizami kirahisi."

"Kwa hiyo sisi tumekalia ule utamu?"

"Tumekalia utamu!" nilipiga kelele.

Mhadhiri alikuja mbele, akanyoosha mkono. "Nami nionje." Akanywa, akatafuna barafu, akakunja uso. "Umefaulu, binti yangu. Ila andalio lako la somo liandike upya, lifanane na ulichofundisha."

Nawe nunua barafu moja ya ubuyu. Iache iyeyuke robo tu, mimina maji yake kwenye kikombe, uyaonje kwanza, kisha uonje barafu iliyobaki.